Tantine Kweli ni Mimi

Mapendo, mutoto wangu,

Uko kwa mama wa kusuka nywele, na kwa ukubwa wa ule mufuko wa rasta niliouona ukitoka nao, hautarudi mbele ya saa mbili. Papa yako yuko bandarini. Nyumba imetulia, nina bic ya bluu na makaratasi niliyonyofoa katikati ya kaye yako ya zamani ya shule, na nina jambo ambalo nimelikalia miezi mitatu.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala ufunge valizi na kufuli. Hayo utaambiwa kesho kwenye stasiyo na kila muntu, hata wasiokujua. Treni yenyewe imesemwa ni ya kesho. Wewe na mimi tunaijua kesho ya treni. Ninaanza na lile kubwa, maana nikilichelewesha nitapata nafasi ya kulipamba.

Tantine Kweli ni mimi.

Yule anayeandika chini ya video zako, mwenye foto ya ua jekundu pahali pa sura. Yule aliyekuliza siku tatu bila kula. Yule uliyedhani ni Riziki, rafiki yako wa tangu shule ya musingi, ukamufukuza kwenye kiwanja chetu. Riziki hakuandika hata neno moja. Aliyeandika ni mama yako, muuza ndagala, ambaye kila wiki anakupa simu yake na kusema, "Nisomee hii, macho yangu hayaoni." Macho yangu yanaona vizuri.

Soma hapo tena kama unataka. Ukimaliza kukasirika, endelea, nimebakiza mengine.

Simu nilijifunza namna nilivyojifunza kusoma. Shule niliacha nikiwa mudogo, na kusoma nilijifunzia sokoni, kwenye magazeti ya kufungia makayabu, wale samaki wa chumvi, njo maana mpaka leo ninajua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Uliponunua simu mupya ukanipa ile yenye kioo kilichopasuka, ulinionyesha vitu viwili: kijani kupokea, nyekundu kukata. Ukasema, "Zingine usiguse, Mama, utaharibu." Nikagusa. Nyuma ya mabeseni ya ndagala, siku za wanunuzi wachache, nilikuwa na muda mwingi wa kuharibu.

Mwanzo nilikutazama tu. Nilikuona unazunguka, unarusha nywele, unashika kiuno kama kinataka kuanguka. Watu elfu na elfu walikuwa wanakutazama pamoja nami, na mimi nilijua vitu ambavyo wao hawakujua. Nilijua kwamba nguo za siku kumi zilivaliwa mchana mumoja, nyuma ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, na chumba chako cha kubadilishia kilikuwa choo cha Mama Riziki, Riziki akishika kitenge pahali pa mulango. Nilijua etiketi iko ndani ya shingo imebanwa na epingle, kwa sababu nguo inarudi butike jioni. Nilijua kwamba butike haikulipi. Inakupa kitu kinachoitwa visibilité, ati kuonekana, ambacho nimejaribu kukifikiria kila namna na bado hakiingii kwenye sufuria. Nilijua unapanda kilima na jua lote kutafuta rezo ya simu ili video ya sekunde chache iondoke, na kwamba wanaume wanaokuandikia "bei gani?" hawaulizi nguo.

Nilijua hayo yote kwa sababu kazi hiyo mimi niliifanya zamani, mbele ya wewe kuianza. Hilo sikukuambia.

Kulikuwa na muuza pagne mumoja, tulimuita Mama Feza, aliyekuwa anavuka ziwa mpaka Kigoma na kurudi na marobota. Alikuwa na akili kuliko wauzaji wote. Alisema pagne ikiwa mezani ni kitambaa, lakini ikiwa juu ya mwanamuke anayetembea ni wivu, na wivu njo unaouza. Akanichagua mimi nimutembezee. Nilikuwa na umbo, Mapendo. Ninaandika hivyo bila haya kwa sababu hakuna foto ya kunikanusha.

Jumamosi jioni alileta pagne mupya. Haikukatwa, haikushonwa, niliifunga kwa mikunjo na mapini, lebo ikiwa imefichwa ndani. Siku ya Mungu nilichelewa misa kwa makusudi, ili nipite katikati watu wakiwa wamekwisha kukaa. Nilitembea polepole kuliko padri. Jumatatu wamama walijaa kwa Mama Feza: "Nipe ile ya jana, ile ya yule mama!" Na mimi Jumatatu hiyo hiyo, asubui mapema, nilikuwa nimerudisha yangu, imepigwa pasi, imekunjwa, lebo pahali pake. Hata hiyo aliiuza kama mupya. Baada ya majuma mengi nilipewa sabuni, ao sukari, ao neno zuri.

Masharti yalikuwa machache. Usikae kwenye benchi bila kutandika kitambaa. Usile. Usibebe mutoto. Hasa mutoto.

Ulikuwa na mwaka mumoja na kidogo. Siku ya Mungu ulikaa na nyanya yako, upande wa nyuma. Ulipolia katikati ya misa, mimi niliangalia altare.

Siku moja wakati wa kutoka ulimuponyoka nyanya yako. Alikuwa amekupa kipande cha muhogo kilichochovywa kwenye mawese ili unyamaze. Ulikuja mbio, mbio za mutoto aliyejua kutembea juzi, ukanishika muguu kwa mukono mumoja. Watu wakacheka kwa furaha. Mimi nikasema, "Mutoeni huyu mutoto!" Ninakumbuka vizuri kwamba sikusema jina lako. Wakakutoa. Chini kidogo ya goti ikabaki alama: vidole vitano, rangi ya mawese.

Niliifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Haikutoka. Nikaikunja kwa namna ambayo doa liliingia ndani, nikairudisha nikinyamaza. Mama Feza akaiuzia mama mumoja wa chama cha kanisa, na yule mama akaifungua mbele ya wenzake wote. "Sasa hii ni pagne mupya," akauliza, "ao ni kitambaa cha kupangusia watoto?" Siku hiyo hiyo Mama Feza alifika kwetu, hakukaa, akanitupia kifuani. "Kamata. Sasa ni yako kweli. Vaa mpaka ichakae."

Sikuivaa hata siku moja. Niliiweka chini ya sanduku. Katika pagne zote nilizowahi kupendezea, hiyo moja njo iliyokuwa yangu. Siku ya Mungu iliyofuata nilienda misa na nguo yangu ya kila siku, nikawahi, nikakaa, na hakuna shingo hata moja iliyogeuka. Nilikuwa nimezoea shingo, Mapendo. Nilikubeba mugongoni misa nzima, na ninaona haya kuandika kwamba sikukufurahia. Nilikuwa ninahesabu wasiogeuka.

Sasa njoo kwenye koti lako.

Mvua zilizopita ulifungua sanduku ukitafuta "kitu cha vintage". Niliporudi sokoni pagne yangu ilikuwa koti fupi, mabega juu, vifungo vya dhahabu, na video ilikuwa imekwisha kuondoka. Niliitazama nyuma ya mabeseni. Ulizunguka, ukatabasamu, ukasema: "Hiki ni kitambaa cha zamani nilichokiokota nyumbani." Riziki alisikika akicheka nyuma ya simu. Video hiyo njo iliyotazamwa kuliko zote. Watu waliandika "Umbo!" na "Dada, unatuua!" Nilikiokota nyumbani. Nyumba haikuwa na jina, haikuwa na mama.

Jioni nilipofagia chumba nilikuta vipande ulivyokata. Kimoja kilikuwa na vidole vitano. Ulikikata kwa sababu kilikuwa na doa.

Hukujua. Sikuwa nimekuambia. Nilijiambia hivyo mara nyingi na haikunisaidia. Na nisikudanganye kwa kukuonyesha kile kipande tu, maana si kipande kilichoniuma zaidi. Kilichoniuma ni kwamba koti lilikupendeza. Ile pagne iliyonifukuzisha kazi ilikaa juu yako kama vile miaka yote ilikuwa inakungoja wewe. Na hakuna Mama Feza wa kukutupia kifuani, hakuna wa kukuambia usile. Ulikuwa unatazamwa na muji wangu, na miji mingine ambayo mimi sitafika, nawe ulikuwa unakula karanga.

Njo siku hiyo Tantine Kweli alizaliwa. Ua nililitoa kwenye kalenda ya mwaka uliopita. Komanteri ya kwanza uliiona: "Hiyo pagne iko na mwenyewe. Ulimulomba ruhusa?" Nilitaka kuandika hiyo moja tu, nifunge simu, nirudi kwa ndagala zangu. Lakini sijamaliza kumupimia muntu glasi mbili, nikaona watu wameipenda. Wageni kabisa! Wanaandika, "Tantine, sema!" Miaka ishirini hakuna muntu aliyeniambia niseme.

Kesho yake nikarudi. Ukavaa lile koti la sufu la butike, pembeni ya ziwa, saa sita, unatembea kama kuna teluji, poda inateremka na jasho. Nikaandika: "Tumuombee huyu mutoto, ni malaria." Unajua mwenyewe ilivyoenda. Watu walianza kungoja. Ulipoweka video, waliuliza, "Tantine Kweli yuko wapi leo?" Nikapata wafuasi, Mapendo. Mimi. Bila kusuka, bila taa, bila kupanda kilima. Nilikuwa ninaenda sokoni nikiwaza nitasema nini, kama muntu anayechagua nguo.

Na Papa yako akaniharibia kabisa. Unakumbuka ile jioni ya mezani, wewe ulikuwa umesusa kula, yeye anasoma kwenye simu yake kwa sauti.

"Sikia hii! 'Viatu vitafika kesho, mwenyewe atafika kesho kutwa.' Huyu mama iko na kinywa! Ningependa kujua ni bibi ya nani."

Wewe ukasema, "Papa, unacheka? Ananiua!"

"Ninacheka kidogo tu. Bwana yake hakosi kucheka nyumbani kwake."

Nilimuongeza mboga ya sombe. Nilikaa pale nikiwa ninaonea wivu ua la kalenda. Mume wangu wa miaka yote hii, na maneno yangu alikuwa hayacheki yakitoka kwenye kinywa changu.

Hiyo ya viatu njo iliyoharibu kila kitu. Niliandika tena chini yake, kwa tamaa ya kuchekesha zaidi, kwamba viatu vimejazwa eponji mbele kwa sababu ni vya muntu mwingine. Ukiacha wewe, watu wawili tu duniani walijua habari ya eponji: Riziki, aliyeikata, na mimi, niliyekuwa ninapika bukari pembeni wakati anaikata. Mimi hukunihesabu. Mama hajui simu.

Niliwasikia kiwanjani. Mwiko ulikuwa mukononi.

"Njo weye, Riziki! Nani mwingine alijua?"

"Miye? Mapendo, angalia mie! Miye njo ninashikaka simu. Sura yako ninaionaka mbele weye mwenyewe haujaiona. Ningetaka kukuaibisha ningengoja eponji?"

"Unanionea wivu tangu butike ya Lubumbashi iandike kuniita kazini."

"Butike iliandika tuende wawili."

"Basi nitaenda peke yangu!"

Alikuwekea ile taa ya muviringo ya kupigia video juu ya kiti, polepole, kama vile kuna mutoto analala juu yake, akatoka. Alipopita mulangoni pa jiko alisema, "Bakia muzuri, Mama." Nikamuitikia. Niliendelea kusonga bukari. Ikawa ngumu sana siku ile, hata Papa yako alisema.

Ningeweza kutoka na mwiko wangu na kumaliza ugomvi kwa maneno matatu. Sikutoka. Sababu moja ilikuwa kuona haya. Lakini chini ya haya, kama ile lebo iliyofichwa ndani ya pagne, kulikuwa na furaha kidogo. Yule musichana alikuwa anakuona kila siku kupitia kioo, anakuambia geuka, anakuambia inua, nawe unamutii. Mimi nilikuwa ninakuambia fagia. Aliondoka, nikafikiri: sasa atarudi kwangu. Haukurudi kwangu. Ulifunga mulango wa chumba na simu.

Niliandika hapa sentensi kwamba pengine makelele ya Tantine Kweli njo yaliyofanya butike ya Lubumbashi ikuone, kwa hiyo tunaweza kusema nilisaidia. Nimeikata. Nikaiandika tena kwa namna nyingine, nikaikata tena. Doa hili halitaingia ndani ya mukunjo.

Unaenda mahali ambapo kina Mama Feza ni wengi kuliko hapa na wana ofisi zenye vioo. Watakuvalisha na watakuvua, na siku moja watampa musichana mwingine ile nguo uliyovaa, naye itamupendeza. Siku hiyo itauma, sitaki ufikiri ni ugonjwa wako peke yako. Mimi iliponikuta nilifikiri watu walikuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanatazama pagne, na pagne zikaendelea kupita katikati ya kanisa, juu ya mwingine. Yule pekee aliyekuja kwangu mbio, ambaye hakuona pagne kabisa, alikuwa na mawese mukononi, na nikasema mumutoe.

Wewe uko na mumoja kama huyo, anayeona sura yako mbele wewe haujaiona. Na mimi njo niliyemutoa.

Kwa hiyo leo muchana, ulipotoka kwenda kusuka, nilienda kwa Riziki. Alikuwa anatwanga sombe. Akaniuliza, "Njo Mapendo amekutuma?"

"Hapana. Nimejituma."

Nikamuambia yote, nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Aliendelea kutwanga mpaka nikafikiri zile mboga zitakuwa maji. Halafu akauliza, "Mama, ile ya malaria ni weye?"

"Ni miye."

"Ile nilicheka sana." Akatwanga tena. "Ile ya eponji sikucheka."

Nikamuomba musamaha. Akasema amesikia. Sikumusukuma. Nikamuomba kitu kingine ambacho sikustahili: anipige foto. Akafuta mikono.

"Simama pale kwenye ukuta. Inua kidevu. Hapana Mama, sasa unafanana na muntu anayengoja sindano. Shusha. Mabega nyuma. Usiniangalie miye, angalia kioo. Usicheke. Haya, sasa cheka, lakini na macho."

Nilikuwa nimesimama tu, Mapendo, na jasho lilinitoka, shingo ikauma, na nikaanza kumuchukia kidogo yule mwanamuke wa ndani ya simu aliyekuwa hanifanani. Na hiyo ilikuwa foto moja, kwa nguo yangu mwenyewe. Nimekucheka kwa kazi ambayo sikuimaliza hata robo saa.

Ua nimelitoa. Pahali pake kuna sura yangu, na chini yake nimeandika: "Tantine Kweli ni mama yake Mapendo. Habari ya viatu niliiona kwa macho yangu mwenyewe jikoni. Riziki hakusema kitu. Ile pagne ya koti ilikuwa yangu, na nilimuonea wivu." Kila muntu anaweza kuiona. Papa yako hajaiona bado. Nitapika vizuri leo.

Kuhusu safari, Riziki alisema neno moja tu nikiwa ninaondoka. "Mutoto wako njo alinifukuza. Aje anilombe mwenyewe. Siendi Lubumbashi kwa barua ya mama." Nikaona ana haki. Butike bado inangoja watu wawili; ile nafasi ya pili haujaiandikia muntu, niliona kwenye simu yako, na ndiyo, hilo nalo nisamehe.

Nilikuwa nimepanga kuweka barua hii chini kabisa ya valizi, uikute mukifika stasiyo ya Nyunzu, wakati hauwezi tena kushuka na kunipigia kelele. Mpango huo ulikuwa wa Tantine. Nitaiweka juu ya kitanda chako, juu ya lile koti. Kwa Mama Riziki hawafungi mulango mbele ya saa tatu, na nywele zako zikiwa mupya utapata ujasiri. Mimi nitakuwa jikoni. Ukitaka kuanzia na kelele, anzia kwangu, lakini usikawie.

Huko uendako nitakutazama kila siku, sasa kwa sura yangu. Nguo ikiwa nzuri nitaandika ni nzuri, hata kama itaniuma. Ikiwa mubaya, mimi haukuniokota jana, unanijua, nitasema.

Koti lichukue, limekukubali. Kile kipande chenye vidole usiniombe. Nimekishona kwenye mufuko wa nguo yangu ya misa, upande wa nje. Hicho nakivaa mimi.

Mama yako